Namna ya Kujiandaa kwa LSAT kwa Kutumia Mitihani ya Miaka Iliyopita

Mtu anayekusudia kuomba nafasi katika shule ya sheria nchini Marekani huanza maandalizi ya LSAT, yaani mtihani wa udahili wa shule hizo, kwa kile alichokipata kwa urahisi: kitabu alichoachiwa na aliyemtangulia, rundo la mitihani ya zamani, au ushauri wa jamaa aliyeufanya mtihani huo miaka kadhaa iliyopita. Vyote hivyo vina manufaa, lakini kila kimoja kina mwaka wake, na mwaka huo unapaswa kujulikana kabla ya swali la kwanza kusomwa. LSAT umebadilishwa mara nyingi tangu ulipoanzishwa, na badiliko linalomgusa zaidi mtahiniwa wa leo ni la Agosti 2024, pale sehemu nzima ambayo wengi waliiogopa kuliko zote ilipoondolewa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutambua mtihani ulio mkononi mwako ni wa kipindi gani, ubakize nini na uache nini, na jinsi ya kuugeuza mtihani wa mwaka 1995 uwe zoezi linalomfaa mtu atakayeketi mbele ya kompyuta mwaka huu.

Kujua mtihani ulikotoka

Wazo la kuwa na mtihani mmoja wa udahili lilitolewa mwaka 1945 na mkuu wa udahili wa shule ya sheria ya Columbia, aliyetafuta kipimo cha kusaidia kuwachuja waombaji pale alama zao za chuo zisipotosha. Mtihani wa kwanza ulifanyika Februari 28, 1948, ukachukua siku nzima, na alama zake zilipangwa kati ya 200 na 800. Kwa miongo mitatu iliyofuata sehemu zake zilikuja na kuondoka: kuna wakati mtahiniwa alisoma majedwali ya takwimu, wakati mwingine alitafuta makosa ya sarufi katika sentensi, na wakati mwingine alipewa kanuni pamoja na visa akatakiwa kuvilinganisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kipimo cha alama kilibadilishwa, kwa muda mrefu kikaishia 48, na insha ikaongezwa. Ukikutana na kitabu kinachosema kwamba alama ya juu ni 48, kirudishe rafuni bila kusita. Ni kumbukumbu nzuri ya historia, lakini hakitakufundisha mtihani utakaoufanya.

Mwaka wa kuushika ni 1991. Kuanzia Juni mwaka huo kipimo kimekuwa kati ya 120 na 180, na hakijabadilika hadi leo. Muundo nao ulitulia: sehemu mbili za hoja, sehemu moja ya ufahamu, sehemu moja ya kile ambacho watahiniwa walikiita michezo ya mantiki, na sehemu moja isiyohesabiwa ambayo waandaaji huitumia kujaribia maswali mapya. Kila sehemu ilikuwa ya dakika 35. Baraza linaloendesha mtihani, LSAC, limetoa hadharani mitihani mingi ya tangu wakati huo kwa jina la PrepTest, na hiyo ndiyo hazina ninayoizungumzia hapa. Inafaa kukumbuka kwamba utamaduni huu wa kutoa mitihani iliyokwisha kufanyika ulisukumwa kwa kiasi kikubwa na sheria iliyopitishwa katika jimbo la New York mwaka 1979, iliyowapa watahiniwa haki ya kuona maswali na majibu yao. Kabla ya hapo mtu alipokea alama tu, hakujua alikosea wapi.

Kuutambua mtihani usio na tarehe

Mara nyingi faili la mtihani hufika likiwa limekatwa ukurasa wa mbele, au mazoezi yamechanganywa bila kutajwa yalikotoka. Alama chache ndani ya mtihani wenyewe zitakuonyesha kipindi chake. Katika sehemu ya hoja, ukiona kifungu kimoja kifupi kikifuatwa na maswali mawili badala ya moja, mtihani huo ni wa miaka ya 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu mtindo huo uliachwa baadaye. Katika sehemu ya ufahamu, tafuta vifungu viwili vifupi vilivyowekwa pamoja na kupewa herufi A na B. Vilianza Juni 2007, kwa hiyo mtihani usiokuwa navyo ni wa kabla ya hapo. Ukikuta sehemu inayoanza kwa maneno kama “Watu sita, K, L, M, R, S na T, watatoa mada siku sita mfululizo, K lazima amtangulie M, R na S hawafuatani”, na chini yake masharti mengine mawili matatu na maswali matano hadi saba, hiyo ni michezo ya mantiki, na mtihani ulio nao ni wa kabla ya Agosti 2024. Mitihani ambayo LSAC imeipanga upya kwa muundo wa sasa ina namba zinazoanzia 101, na hiyo haihitaji kufanyiwa lolote.

Kwa nini michezo ya mantiki iliondolewa ni jambo linalostahili maelezo, maana wako wanaodhani iliondolewa kwa kuwa ilikuwa migumu. Njia ya kawaida ya kuitatua ilikuwa kuchora mchoro: mistari, visanduku, mishale, herufi zikisogezwa huku na huku hadi masharti yote yatimie. Mtahiniwa asiyeona hakuweza kutumia njia hiyo kwa usawa na wenzake, na kesi ilifunguliwa. Mwaka 2019 pande hizo mbili zilipatana, LSAC ikakubali kutafuta ndani ya miaka minne njia nyingine ya kupima uwezo huo wa kufikiri. Mwishowe baraza lilisema kwamba sehemu ya hoja inaupima uwezo huo vya kutosha, na kwamba mtihani usio na michezo unatabiri maendeleo ya mwanafunzi kama ulivyotabiri uliokuwa nayo. Kwa mtahiniwa wa leo maana yake ni kwamba kitabu chochote cha michezo ya mantiki, hata kiwe kizuri namna gani, hakina tena swali hata moja la kukusaidia. Nimeona watu wakiendelea kufanya michezo hiyo “kwa kunoa akili”. Wanaoipenda waifanye jioni kama burudani, lakini saa za maandalizi wasizipeleke huko.

Uzito wa sehemu, na ushauri uliopitwa na wakati

Jambo ambalo ushauri wa waliotangulia huliharibu kuliko mengine yote ni uzito wa kila sehemu. Tangu 1991 hadi mwanzoni mwa 2020 mtihani ulikuwa na maswali takriban 100 yenye kuhesabiwa, na sehemu mbili za hoja zilibeba karibu nusu ya hayo. Kisha likaja janga la korona. Mei 2020 mtihani ulihamishiwa nyumbani kwa watahiniwa, ukafanywa kwa kompyuta chini ya msimamizi aliye mbali, na ili uwe mfupi sehemu moja ya hoja ilikatwa. Kuanzia hapo hoja, ufahamu na michezo zikawa na uzito wa theluthi moja kila moja. Agosti 2021 iliongezwa sehemu ya nne isiyohesabiwa, lakini uzito haukubadilika. Baada ya Agosti 2024 sehemu zenye kuhesabiwa ni mbili za hoja na moja ya ufahamu, maswali yasiyofika 80 kwa jumla, na hoja pekee zinabeba theluthi mbili.

Sasa mchukulie mtu aliyefanya mtihani mwaka 2022 akapata alama nzuri. Atakuambia kwa nia njema kwamba njia ya haraka ya kupandisha alama ni michezo, kwa sababu inafundishika, na kwamba hoja usizipe muda mwingi. Kwa mwaka wake alikuwa sahihi kabisa. Kwa mwaka wako ushauri huo unakupeleka kwenye sehemu ambayo haipo, na unakuondoa kwenye theluthi mbili za alama zako. Aliyefanya mwaka 2010 naye atakupa mgawanyo mwingine. Kwa hiyo kila unapopokea ushauri wa LSAT, uliza kwanza aliyeutoa aliketi lini, kisha uupime ushauri wake kwa uzito wa kipindi hicho.

Kugeuza mtihani wa zamani uwe wa leo

Habari njema ni kwamba kazi hii ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Mtihani wowote wa kati ya Juni 1991 na mwanzoni mwa 2020 una sehemu mbili za hoja, moja ya ufahamu na moja ya michezo. Ukiing’oa ile ya michezo, kinachobaki ni zile sehemu tatu zinazohesabiwa katika mtihani wa sasa. Kilichopungua ni sehemu ya nne isiyohesabiwa, nayo utaiazima kutoka mtihani mwingine, iwe ya hoja au ya ufahamu, kwa kuwa katika mtihani halisi inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili na hutaambiwa ni ipi.

Mwombe mtu mwingine azipange sehemu hizo nne kwa utaratibu anaoutaka yeye na akukabidhi bila kukuambia ipi ni ya kuazima. Hili si jambo la mapambo. Mtahiniwa anayejua kwamba sehemu fulani haihesabiwi huilegezea mkono, na siku ya mtihani halisi hukuta hajazoea kudumisha umakini kwa sehemu zote nne. Weka saa dakika 35 kwa kila sehemu, zifanye mbili mfululizo, pumzika dakika 10, kisha zimalizie mbili zilizobaki. Kama mtihani wako ni wa kabla ya Juni 2007, badilisha pia sehemu ya ufahamu kwa kuchukua ya mtihani wa baadaye, ili usikose vifungu vya A na B.

Mitihani yote haistahili kutumiwa kwa namna moja. Kwa maoni yangu ile ya kuanzia 1991 hadi 2006 inafaa kuvunjwavunjwa: ifanye swali kwa swali, bila saa, katika wiki za mwanzo ambapo unajifunza aina za maswali na jinsi hoja zinavyojengwa. Ya 2007 na kuendelea itunze kwa majaribio kamili yenye saa, na ile ya karibuni kabisa iachie wiki za mwisho. Kosa la kawaida ni kufanya kinyume chake, yaani kuanza na mitihani mipya kwa sababu ndiyo inayofanana na wa leo, ukaimaliza ukiwa bado hujui unachokifanya, kisha ukabaki na ya zamani wakati unapohitaji kipimo cha kuaminika.

Usihamishe alama kutoka jedwali la zamani. Kila mtihani una jedwali lake la kugeuza idadi ya majibu sahihi kuwa alama kati ya 120 na 180, na jedwali hilo hutengenezwa kulingana na ugumu wa mtihani huo, ili alama ya mwezi mmoja iwe na maana ileile na ya mwezi mwingine. Jedwali la mtihani wa maswali 101 lilijengwa pamoja na michezo ndani yake. Ukiiondoa michezo, huna tena haki ya kulitumia, na kukokotoa asilimia kisha kuilinganisha kutakupa makisio tu ambayo yanaweza kukufariji au kukutisha bila sababu. Ukitaka alama ya kuaminika, fanya mtihani uliopangwa upya na LSAC wenyewe kwenye mfumo wao wa LawHub, ambako baadhi ya mitihani hupatikana bila malipo kwa kufungua akaunti, na kila mmoja una jedwali lililotengenezwa kwa muundo mpya.

Hoja: sehemu ya kuzamia

Kwa kuwa theluthi mbili za alama ziko hapa, ndipo sehemu kubwa ya saa zako inapopaswa kwenda. Sehemu moja ina maswali 24 hadi 26, hivyo wastani ni chini kidogo ya dakika moja na nusu kwa swali. Aina za maswali hazijabadilika sana tangu 1991, na ndiyo sababu mitihani ya zamani bado ina thamani kubwa katika eneo hili: utaulizwa hoja inategemea dhana gani, kosa lake liko wapi, nini kitaiimarisha au kuidhoofisha, nini kinafuata kutokana na yaliyosemwa. Kilichobadilika ni sauti zaidi kuliko kiini. Vifungu vya miaka ya 1990 mara nyingi huwa na lugha ya kukwaruza, na baadhi ya maswali yake hutegemea ujanja wa neno moja.

Tazama mfano huu mmoja kwa karibu. “Mwaka jana maktaba moja iliongeza saa mbili za huduma kila siku. Katika mwaka huohuo idadi ya vitabu vilivyoazimwa ilipanda kwa robo. Kwa hiyo watu wengi zaidi wanaitumia maktaba hiyo kuliko zamani.” Swali linauliza hoja hii inategemea dhana ipi. Jibu A linasema kwamba wote walioazima vitabu walikuja katika saa zilizoongezwa. Jibu B linasema si kweli kwamba ongezeko lote lilitokana na wasomaji walewale wa zamani kuazima vitabu vingi kuliko walivyozoea. Jibu C linasema maktaba za jirani hazikuongeza saa. Jibu D linasema saa zilizoongezwa ndizo zilizoleta ongezeko la uazimaji. Jibu E linasema kila anayeitumia maktaba hiyo huazima angalau kitabu kimoja kwa mwaka.

Wengi hukimbilia D, kwa sababu kifungu kimeanza na saa na akili inataka kuzihusisha na matokeo. Lakini isome tena hitimisho: halidai kwamba saa zimesababisha lolote. Linadai tu kwamba watumiaji wameongezeka, na ushahidi pekee uliotolewa ni idadi ya vitabu. Pengo liko kati ya vitabu na watu. Sasa zikanushe dhana moja baada ya nyingine uone ipi inaiangusha hoja. Ukikanusha D, ongezeko likawa limeletwa na jambo jingine, watu bado wanaweza kuwa wameongezeka. Ukikanusha E, kwamba wako wanaokuja kusoma tu bila kuazima, hoja haitikisiki. A imesema “wote” pasipo haja, na maktaba za jirani katika C hazimo kwenye hoja hii. Ukikanusha B, yaani ongezeko lote ni la wasomaji walewale waliobeba vitabu zaidi, ushahidi haubaki na kitu cha kuthibitisha. Basi jibu ni B. Mbinu hii ya kukanusha hufaa kwa maswali ya dhana ya lazima. Usiitumie kwa swali linalotaka dhana inayotosha kuithibitisha hoja, kwa maana huko jibu sahihi huweza kuwa kubwa kuliko linalohitajika.

Unapokagua jaribio, usifungue majibu mara moja. Wakati wa kufanya, tia alama kila swali ulilolijibu kwa mashaka. Saa ikiisha, rudia maswali hayo bila haraka, uandike sababu ya jibu lako kwa sentensi moja, na ndipo ulinganishe na majibu sahihi. Tofauti kati ya alama ya kwanza na ya pili itakuonyesha tatizo lako ni muda au uelewa. Aliyekosa maswali manane kwa saa na akakosa mawili bila saa anahitaji kasi. Aliyekosa manane na akayakosa manane yaleyale anahitaji kurudi kwenye misingi, na hakuna kiasi cha mazoezi ya saa kitakachomwokoa.

Ufahamu na insha

Sehemu ya ufahamu ndiyo iliyobadilika kidogo kuliko zote. Ina makundi manne ya maswali, matatu ya kifungu kimoja kirefu na moja la vifungu viwili vya kulinganisha, na ukigawa dakika 35 kwa manne unapata dakika nane na sekunde 45 kwa kila kundi. Katika vifungu vya A na B, maliza A, jiambie kwa maneno yako mwandishi anadai nini, ndipo usome B ukiuliza anakubaliana naye wapi na anaachana naye wapi. Maswali mengi ya kundi hilo yamejengwa juu ya jambo hilo tu.

Insha imekuwepo tangu miaka ya 1980, lakini ya leo si ile. Zamani mtahiniwa alipewa uamuzi wenye njia mbili na vigezo viwili, akatakiwa kutetea njia moja. Vitabu vingi bado vinafundisha umbo hilo. Tangu mwaka 2024 unapewa mjadala pamoja na mitazamo kadhaa inayopingana, una dakika 15 za kusoma na kupanga, kisha dakika 35 za kuandika, na unatakiwa kujenga msimamo wako huku ukishughulika na mitazamo mingine kwa haki. Haipewi alama, lakini hutumwa kwa shule unazoziomba. Inafanywa peke yake mtandaoni, tofauti na siku ya mtihani, na fursa hufunguliwa siku nane kabla ya mtihani. Usiiahirishe: kama huna insha hata moja iliyokamilika katika rekodi zako, alama zako hazitatolewa, na hilo ndilo linalowakwamisha wengi ilhali ni kazi ya chini ya saa moja.

Kioo badala ya karatasi

Hadi mwanzoni mwa 2019 LSAT ulikuwa mtihani wa karatasi na penseli. Julai 2019 baadhi ya watahiniwa walipewa karatasi na wengine vishikwambi, na kuanzia Septemba mwaka huo mtihani ukawa wa kidijitali. Anayefanya mazoezi kwa vitabu vilivyochapishwa huzoea kuzungushia maneno, kupiga mishale pembezoni na kufunua kurasa kwa haraka, na mazoea hayo hayahamii kwenye kioo. Unayo nafasi ya kutia rangi maneno, kupiga mstari, kufuta majibu uliyoyakataa na kuweka bendera kwenye swali la kurudia, pamoja na saa inayohesabu kurudi nyuma ambayo unaweza kuificha mpaka zibaki dakika tano. Fanya angalau nusu ya majaribio yako kamili kwenye LawHub, ambayo ina sura ileile ya mtihani wenyewe. Swali usilolijua lijibu tu kabla ya muda kuisha, kwa sababu jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.

Kuhusu mahali pa kufanyia, tangu Agosti 2023 mtahiniwa aliweza kuchagua kati ya nyumbani na kituo. LSAC imetangaza kwamba kuanzia Agosti 2026 karibu wote watafanya kituoni, hatua iliyochochewa na hofu ya wizi wa mitihani, na kufanya kwa mbali kutabaki kwa wenye sababu maalumu. Anayeishi mbali na kituo ahesabu safari katika mipango yake, na ajisajili mapema kabla nafasi za karibu hazijajaa.

Kurudia mtihani

Wazee wa fani hii bado wanasema kwamba LSAT ufanywe mara moja tu, ukiwa tayari kabisa. Kauli hiyo ilikuwa na msingi wakati shule zilipotakiwa kuripoti wastani wa alama za wanafunzi wao waliorudia. Mwaka 2006 chama cha mawakili cha Marekani, kinachozipa shule za sheria ithibati, kilibadilisha utaratibu huo, na shule zikaanza kuripoti alama ya juu zaidi. Tangu hapo kurudia hakuna madhara makubwa, ingawa shule huziona alama zako zote za takriban miaka mitano. Kuna kikomo: mara tano ndani ya kipindi ambacho alama bado zinaripotiwa, na mara saba maishani, na mtihani ulioufanya kisha ukafuta alama zake huhesabiwa pia. Kwa hiyo panga tarehe ya kwanza mapema kiasi cha kuacha nafasi ya tarehe ya pili kabla ya shule unazozitaka kufunga maombi, na usijisajili kwa ile ya kwanza kabla majaribio yako matatu ya mwisho, yaliyofanywa kwa sehemu nne na kwa saa, hayajakaribia alama unayoihitaji.